Injini ya Bodaboda Si ya Kubahatisha: Haya Uyajue Kabla ya Kumkabidhi Fundi Pikipiki Yako

Mwezi uliopita simu ilinikuta nje ya msikiti, baada tu ya swala ya magharibi. Alikuwa dada yangu. Alisema maneno manne pekee: "Mpwa wako kaanguka darajani."

Nilimkuta kijana ameketi kando ya barabara, upande wa pili wa Daraja la Nyali, suruali imechanika gotini na mikono ikimtetemeka. Pikipiki ilikuwa imelazwa ukingoni. Abiria wake, mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Marikiti na kikapu chake, alikuwa keshapelekwa hospitali na kifundo cha mkono kilichovunjika. Ndimu na nyanya zake zilikuwa bado zimetapakaa barabarani. Alhamdulillahi hakukuwa na gari lililokuwa karibu nyuma yao.

Ajali ile haikuletwa na ulevi, wala simu, wala matatu. Injini ilishika. Pistoni iligandana na silinda chombo kikiwa mwendoni, gurudumu la nyuma likafunga papo hapo, na kijana akaburutwa kabla hajawahi kubana klachi. Na siku 21 kabla ya jioni ile, alikuwa amemlipa fundi Sh32,000 ili injini hiyo hiyo "ipandishwe".

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya hili, kwa sababu si la mpwa wangu peke yake.

Kwa nini kila mtu anataka nguvu sasa

Keti steji yoyote, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, na usikilize mazungumzo ya vijana. Baada ya mpira na siasa, utasikia habari za injini. Nani kapandisha yake, nani kamtia fulani kabureta kubwa, nani anaipita nani usiku barabara ikiwa wazi. Miaka kumi iliyopita, mwendeshaji wa bodaboda alikwenda gereji pikipiki ilipoharibika. Leo anakwenda pikipiki ikiwa nzima, akatoa pesa ifunguliwe.

Sababu zipo, na si zote za kipuuzi. Anayebeba abiria wawili na gunia la mkaa akipanda kutoka Ukunda kwenda Kwale anajua jinsi chombo kinavyolia kwenye mlima. Sheria ya trafiki inasema abiria ni mmoja, lakini sote tunajua yanayotendeka. Anayekimbiza mizigo ya Changamwe na Jomvu naye anataka safari nyingi kwa siku. Kisha mnamo Septemba 2023 Rais alikuja hapa hapa Mombasa kuzindua mpango wa pikipiki za umeme. Pikipiki zile huondoka kwa kasi kutoka taa nyekundu, na mwenye injini ya petroli anajiona ameachwa. Na tusifichane: wapo pia vijana wanaotaka kelele na sifa tu.

Juu ya hayo yote kuna mkopo. Pikipiki nyingi za steji si za anayeziendesha. Ni za kampuni ya mikopo hadi senti ya mwisho ilipwe. Mpwa wangu analipa Sh450 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Chombo kikilala gereji wiki moja, deni halilali. Kwa hiyo mtu anapompa fundi injini yake, anampa chakula cha watoto, jina lake kwa mkopeshaji, na mgongo wa abiria ambaye hata hajui kwamba injini iliguswa.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la vijana na kuwa letu sote. Mimi na wewe ndio abiria.

Hesabu ambayo haikupigwa

Tuliivuta pikipiki mpaka kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Majengo ambaye amefungua injini tangu enzi za pikipiki za Yamaha zenye kutia oili kwenye petroli. Hakusema neno mpaka alipomaliza kufungua. Kisha akamuuliza kijana, "Uliambiwa hii ni ngapi sasa?"

"Mia na themanini, mzee."

Akachukua kipimo chake, akapima, akakirudisha kwenye kasha. "Mwanangu, hii ni mia na hamsini."

Nilimwomba anieleze, na nitawaeleza nanyi kwa sababu ni hesabu ya darasa la nane. Boxer ya 150, ambayo imejaa kwenye steji zetu, silinda yake ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni husafiri milimita 58.8 kutoka chini hadi juu. Ukipiga hesabu ya ujazo wa duara unapata karibu cc 144.8. Silinda ikilika kwa kazi, mkereza huichonga kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi ya ile ya mwanzo kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1. Hiyo ndiyo mafundi huita ovasaizi. Hata ukitia ile ya mwisho kabisa, ya milimita 1, kipenyo kinafika 57 na ujazo unakuwa cc 150. Umeongeza cc tano. Huo ni ukarabati wa kawaida wa injini iliyochoka. Hauhisi tofauti yoyote mlimani, isipokuwa ile ya injini iliyokuwa imelika kuwa mpya.

Ili injini hiyo hiyo ifike cc 180, pistoni yake lazima iwe na kipenyo cha milimita 62 na zaidi. Hapo ukuta wa silinda ya kiwandani hautoshi. Inahitajika silivu mpya, na mdomo wa nyumba ya injini upanuliwe ili silivu hiyo iingie. Hiyo ni kazi ya mashine kubwa na ya mtu aliyeisomea. Haimalizwi kwa siku moja nyuma ya kibanda, na haifanywi kwa bei ile aliyolipa kijana.

Basi 180 ilikuwa uongo. Lakini si uongo ule ulioshikisha injini.

Kilichoishikisha ni mambo mawili. La kwanza, fundi wa mwanzo aliondoa sanduku la hewa la kiwandani akaweka filta ya wazi ya koni, akabadilisha na ekzosi ili itoe sauti nene, halafu kabureta akaiacha na jeti ile ile ya zamani. Hewa ikazidi, petroli ikapungua. Injini inayokunywa hewa nyingi na petroli kidogo huwaka joto kali, na injini hizi hupozwa na upepo tu, hazina maji. La pili, ringi za pistoni hazikupimwa. Ringi ina mwanya mdogo kwenye ncha zake ili chuma kikipata moto kipate pa kutanukia. Mzee alinionyesha ncha za ringi zile: zilikuwa zinang'aa kama kioo. Zilikutana, hazikuwa na pa kwenda, zikakwangua ukuta wa silinda.

"Kipimo cha ringi," akasema, "ni kijikaratasi cha chuma. Hakifiki bei ya lita kumi za petroli."

Pwani si Nairobi

Kuna jambo jengine ambalo mzee alilisema na ambalo sikupata kulisikia kabla. Vijana wengi hujifunza kupandisha injini kwa kutazama video, na nyingi ya video hizo zimepigwa Nairobi. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi wa huko hutia jeti ndogo ili petroli isizidi. Ukiichukua jeti hiyo hiyo ukaifunga hapa Mombasa, ambapo tuko sawa na bahari na hewa ni nzito, petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo. Pikipiki itaruka vizuri wiki ya kwanza, kisha itaanza kuchemka.

Ongeza joto letu la Februari, foleni ya feri ambapo injini inanguruma imesimama bila upepo, na chumvi ya bahari inayokula kila chuma kisichofunikwa. Fundi wa Pwani lazima aijue Pwani. Anayekwambia "nimeifunga kama wanavyofunga Nairobi" anakupa sababu ya kuondoka.

Gereji ya kuaminika utaijuaje?

Baada ya mkasa ule nilizunguka gereji kadhaa, mengine ya kuuliza na mengine ya kutazama tu. Mimi si fundi. Nina diploma ya biashara na macho mawili. Lakini yapo mambo ambayo hata asiyejua spana anaweza kuyaona.

Kwanza, sikiliza anayekuuliza. Fundi mwema huanza na maswali kabla ya bei. Unabeba nini? Unakwenda wapi? Imetembea kilomita ngapi? Inakunywa oili? Kisha hupima mgandamizo wa injini kabla ya kuifungua, aone kama tatizo ni ringi, valvu au si lolote kati ya hayo. Anayekutajia bei ukiwa bado hujashuka kwenye kiti amekwisha kuamua shida yako ni nini: ni kwamba una pesa.

Pili, tafuta anayekwambia huhitaji. Mzee wa Majengo alimwambia kijana kwamba mlima wa Kwale hauhitaji cc 180. Unahitaji kubadilisha gia ya cheni, uongeze meno ya nyuma machache. Chombo kitavuta zaidi na kitapoteza kidogo mbio za mwisho, ambazo mbeba abiria hazihitaji. Valvu zikirekebishwa, filta ikisafishwa na cheni ikikazwa sawa, injini nyingi zinazosemwa hazina nguvu zinarudi kuwa na nguvu zake. Fundi anayekupunguzia kazi anapoteza pesa leo ili akuweke miaka kumi.

Tatu, tazama vipimo. Uliza, bila ya kuona haya, "Fundi, maikromita yako iko wapi?" Silinda hupimwa juu, kati na chini, na kwa pande mbili, kwa sababu hulika vibaya na kuwa kama yai. Pistoni hununuliwa kwanza, hupimwa, kisha ndipo silinda huchongwa kuifuata pistoni ile. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye anabahatisha. Na kukaza boliti za kichwa cha silinda kuna spana yake yenye kuonyesha nguvu, si mkono na "naijua tu".

Nne, jua anayechonga. Gereji nyingi za pikipiki hazina mashine ya kukereza. Huipeleka bloki kwa mkereza mwengine. Hilo si aibu, bora akwambie ni nani na unaweza kwenda kumuona. Gereji inayoficha anayeichongea huenda inapeleka kwa wa bei ya chini kabisa.

Tano, tazama usafi. Sisemi pawe kama zahanati. Lakini injini iliyofunguliwa na kuachwa wazi kwenye mchanga, upepo wa bahari ukivuma, imekwisha kuharibiwa kabla ya kufungwa. Tafuta meza, kitambaa safi, na vipande vilivyopangwa ili kila kimoja kirudi pahali pake.

Sita, uliza breki. Hili mzee alilisisitiza kuliko yote. Pikipiki zetu nyingi zina breki za dramu, zilizotengenezwa kwa nguvu ya kiwandani. Ukiongeza mbio bila kuangalia breki, tairi na cheni, umeongeza njia ya kufika kaburini. Gereji ambayo inakubali kuongeza injini nguvu na haikutupia jicho breki zako haikujali wewe.

Saba, usiwaulize wateja wa jana. Waulize wa miezi sita iliyopita. Injini yoyote iliyofunguliwa leo itaruka kesho. Video ya TikTok inaonyesha siku ya kwanza tu, na kelele ya ekzosi si nguvu. Nenda steji, uliza: nani alifungiwa injini na fulani kabla ya Ramadhani, na sasa iko vipi? Hapo utapata jibu ambalo hakuna tangazo litakupa. Kuuliza si ujinga.

Karatasi moja yenye thamani ya injini nzima

Sasa nije kwenye makosa yetu wenyewe. Nilipokwenda na wazee wawili kwa fundi wa kwanza, alitupokea kwa adabu. Akasema, "Mjomba wangu, kijana alitia oili mbaya." Tukamuuliza alitia pistoni ya chapa gani. Hakukumbuka. Vipande vya zamani viko wapi? Aliviuza kwa wa vyuma chakavu. Jeti ilikuwa namba ngapi? Kimya. Na sisi tulikuwa na nini mkononi? Hatukuwa na chochote. Hata risiti. Kijana alimtumia Sh20,000 za arubuni kwa M-Pesa, na zilizobaki akampa mkononi siku ya kuchukua.

Mwishowe alikubali kurudisha Sh5,000 "kwa heshima ya wazee". Tulizichukua. Sikumtaja hapa jina na sitamtaja, kwa sababu bila ya karatasi ni neno letu kwa neno lake.

Laiti tungekuwa na karatasi, mlango wa sheria upo wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na kulipwa akipata hasara kwa kasoro zake. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo Mombasa pia ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Mwenye pikipiki ya mkopo anaweza kwenda mwenyewe na karatasi yake.

Kwa hiyo andikeni. Ukurasa wa daftari watosha. Tarehe, namba ya pikipiki, kazi itakayofanywa, kila spea na chapa yake na ukubwa wake, bei ya spea mbali na bei ya mkono, siku ya kumaliza, na dhamana ni ya muda gani na inahusu nini. Nyote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na picha kwenye simu. Vipande vya zamani urudishiwe kwenye mfuko. Na pesa zote usitoe mbele: toa za spea, uzione spea zenyewe na makasha yake, kisha malizia kazi ikiisha. Spea bandia zimejaa, na kasha zuri si ushahidi wa kilichomo ndani, lakini kasha, risiti na duka lenye anwani ni bora kuliko "nilitafutiwa na rafiki".

Kisha kuna karatasi mbili ambazo vijana huzisahau. Logibuku ya pikipiki yako imeandikwa namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini au kuukuza ujazo, NTSA wanapaswa kuarifiwa. Bima nayo ilitolewa kwa chombo kile kilichoelezwa. Ukipata ajali na injini iliyogeuzwa bila kusema, kampuni ya bima inaweza kupata mwanya wa kukukwepa, na yule mama mwenye mkono uliovunjika atakugeukia wewe. Na kama pikipiki ni ya mkopo, soma mkataba: chombo si chako bado, huenda hata huna ruhusa ya kuigusa injini.

Mafundi nao wana lao

Si haki kuwalaumu mafundi peke yao. Mzee wa Majengo alinieleza yake. Mteja anakuja asubuhi anataka injini jioni. Anakuja na pistoni ya bei ya chini kabisa aliyoinunua mwenyewe, ikivunjika lawama ni ya fundi. Akiambiwa aiendeshe taratibu kilomita 500 za mwanzo, asibebe mzigo mzito, arudi kubadilisha oili, anaondoka na abiria wawili kabla hata hajafika barabara kuu. Wengine hawarudi hata kumaliza deni.

"Injini mpya ni kama mtoto mchanga," aliniambia. "Huwezi kumzaa asubuhi ukamtuma dukani jioni."

Anayo haki. Karatasi ile ninayoisema inamlinda yeye vilevile. Ikiandikwa kwamba mteja alileta spea mwenyewe, au kwamba hakurudi kwa oili, fundi hana la kujibu.

Tumeacha wapi ufundi wetu?

Nikitafakari jambo hili naona lina mizizi mirefu kuliko gereji moja. Mji huu uliwahi kuwa na MIOME, chuo kilichojengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wasome ufundi. Wazee waliotoa mali zao kukijenga waliona kwamba heshima ya jamii iko pia mikononi mwa fundi. Chuo hicho kimepita katika majina mengi, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ni fahari yetu. Lakini kijana anayefungua injini mtaani leo hakupita huko, na wala si wengi wanaojua kwamba hata aliyejifunza chini ya mwembe anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, akapata cheti.

Vyuo vya ufundi vya mitaani viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba. Basi swali letu kwa kaunti zetu za Mombasa, Kwale na Kilifi ni rahisi: pikipiki ndiyo chombo kinachobeba watu wetu na kulisha nyumba zetu, je, ni vyuo vingapi vinafundisha injini ya pikipiki kwa vipimo, si kwa macho? Mnatoza ada za leseni za biashara kwa vibanda vya gereji. Sehemu ya ada hiyo ikinunua seti moja ya vipimo kwa kila wadi, ya kuazimwa na mafundi, mtakuwa mmeokoa mifupa mingi.

Na vyama vya bodaboda, ambavyo vinachanga kila wiki kwa mazishi na matibabu, vina uwezo wa kufanya jambo dogo lisilogharimu kitu. Kila steji iwe na daftari: nani alifungiwa injini wapi, lini, kwa kiasi gani, na baada ya miezi sita hali ni ipi. Mwaka mmoja tu, gereji nzuri na mbovu zitajipambanua zenyewe. Fundi mwaminifu hatahitaji tangazo, na mdanganyifu hatapata pa kujificha.

Sisi Waislamu tumefundishwa kisa cha Mtume (SAW) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakutana na unyevu. Mwenye kuuza alikuwa ameufunika ulioloa kwa uliokauka. Akakemewa, kwa nini hakuuweka juu watu wauone? Injini ni rundo lile lile. Juu kuna rangi mpya na sauti nene. Kilicholoa kiko ndani, na mteja hana mkono wa kufikia huko. Anayeufikia ni fundi peke yake, na ndiyo maana kazi yake ni amana.

Mpwa wangu amerudi barabarani. Mzee alimrudishia injini katika hali ya kawaida, sanduku la hewa la kiwandani likarudi, meno mawili yakaongezwa kwenye gia ya nyuma. Karatasi aliiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kijana ameihifadhi pamoja na logibuku. Madeni ya wiki tatu tulichangia kama familia. Kila Ijumaa baada ya swala kijana hupita kumjulia hali yule mama, ambaye mkono wake bado umefungwa na hawezi kubeba kikapu.

Wiki iliyopita nilipanda nyuma yake kwenda Kwale. Mlima tuliupanda taratibu, bila kelele. Nilipoteremka nilimuuliza kama anajuta kukosa ile 180.

"Mjomba," akasema, "mimi sasa nataka ya kufika."